Kamba Yenye Mafundo Mawili

Shekue, fundo la kwanza ni upana wa kichochoro chetu
pale kwa Bi Rukia, ukuta ulipotoa tumbo.
Nimepima mwenyewe jana, mgongo ukutani,
watoto wa madrasa wakinicheka.
Ukifika dukani Mombasa usianze na bei.
Toa kamba.
Kikizidi fundo, hata wakupe bure, waachie:
Mkomani haiingii lori, tuna punda wa Famau,
na punda wa Famau akikwama
hajui kurudi kinyumenyume.

Fundo la pili ni kifua cha Athman
akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu.
Skrini ianzie hapo. Wasikuambie habari ya inchi.

Kisha waombe wakitoe nje.
Mle ndani mna kiyoyozi na mapazia,
hata saa yangu mbovu ingeng'aa.
Baraza ya zahanati hulitazama jua tangu asubuhi.
Kisimamishe barabarani saa sita, usome.
Ukiona uso wako na kofia yako tu,
sikukutuma kioo cha kujipambia.

Uliza chumvi.
Watakujibu, "Hakiingii maji."
Waambie hukuuliza maji.
Maji huja yakaondoka, chumvi huhamia:
imekula friji ya chanjo, imekula kufuli,
sasa imeanza ufunguo.

Umeme ukikatika, ukarudi, ukakatika,
kitaamka chenyewe
au kitangoja neno la siri
la mtu aliyelala Nairobi?

Waranti isome mbele na nyuma.
Ile ya mashine ya nakala ilisema
fundi atafika kwa siku mbili.
Kweli, siku ya pili alifika Mokowe,
akayaona maji,
akapiga simu, akarudi.

Na lugha. Wanajisifu kinajua saba.
Mimi nataka moja, na kiijue vyema.
Kiandike "njia", sina ugomvi,
lakini mtu akikisemeza "ndia", akasema "mato", akasema "yeo",
kisimsahihishe kama mwalimu.

Haya yote ningekuandikia kwenye karatasi, ukaenda peke yako.

Lakini unakumbuka kile cha kujaribia
walichotuachia wiki moja.
Kilikuwa kizuri, sikatai.
Kila aliyekigusa kilimfungukia, kikampa namba,
kikamwonyesha chumba kwa mshale wa kijani.
Akaja Bi Mwanaheri na shinikizo lake la damu.
Kiliandika: Gusa hapa kuonyesha umefika.
Akagusa. Kimya.
Akagusa tena. Kijana wa kampuni akamwambia,
"Bibi, kausha kidole."
Akakausha kwa leso. Kimya.

Miaka sitini vidole vile vimesuka ukili,
miaa imekwangua mistari yote
hadi ngozi imekuwa laini kama kokwa ya tende iliyofyonzwa,
kavu, ngumu, haina la kusema kwa kioo.
Akakitazama kidole chake
kama mtu aliyerudishiwa sarafu dukani.
Akasema, "Basi sijafika,"
akaenda kuketi kwenye benchi.

Mimi nilikuwa dirishani nikihesabu risiti.
Nilidhani anapumzika.
Namba ziliitwa, vyumba vikajaa, vikamwagika,
alasiri ikaadhiniwa,
na yeye yupo pale, mikono mapajani,
anamngojea mtu wa kumwambia kuwa amefika.

Kwa hiyo usiondoke alfajiri bila kumpitia.
Amekubali. Amesema atavaa buibui jipya
na hatatapika garini.
Kila kioski watakachokusifia, nyamaza,
mpishe yeye mbele, aguse.
Kikimjua, ndipo utoe kamba,
ndipo uulize bei.

Bahasha ina nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi,
na ya chakula kidogo.
Mkaguzi ataniuliza, najua.
Kwenye daftari nimeiandika
chini ya vifaa vya kupimia.