Uliza Pengo Kwanza

Mpakato wangu una miaka kumi na mmoja.
Naupakata kweli, kama mtoto mwenye homa,
maana chini yake huchemka.
Nachapa wosia, hati za viwanja, maombi ya dhamana,
hapa Chumbageni, hatua chache toka mahakamani,
na mteja akisema, "Ongeza ukurasa mmoja, dada,"
kiduara kinazunguka, kinazunguka,
hata wino wa muhuri unakauka.

Fundi Shekalaghe wa Barabara ya Nane alinicheka.
"Hii mashine haijazeeka. Ina njaa.
Unailisha giga mbili,
na siku hizi giga mbili zinaisha kwa kuamka tu."

Nikatangulia dukani bila kumsikiliza hadi mwisho.
Nikanunua kijiti kipya, kinang'aa,
giga kumi na sita, shilingi elfu tisini.
Nikajiona mjanja.

Mezani kwake tukafungua skrubu saba,
moja ikadondoka, tukaitafuta kwa magoti.
Tukatoa betri. Nikagusa bomba la maji
ili mwili uache umeme wake.
Kisha nikasukuma.
Hakikuingia.
Nikageuza. Hakikuingia.
Nilipokaza kidole gumba
mkono wake ukashika wangu:
"Usilazimishe. Uliza pengo kwanza."

Akavilaza viwili, cha zamani na kipya,
kama watoto waliong'oka meno,
kila mmoja na pengo lake.
"Chako hiki ni kizazi cha nne. Ubao wako wa tatu.
Soma lebo, achana na mng'aro.
Kizazi. Volti, moja nukta tatu tano.
Halafu ubao wenyewe unakubali ngapi?
Huu mwisho wake nane. Zingine ungemlisha nani?"

Duka halikurudisha hela.
Iliniuma siku mbili, ya tatu nikasahau kuumia.

Kizazi cha tatu dukani hakuna tena.
Akapiga simu, akapiga nyingine,
tukaishia Mikanjuni kwa Bi Mwanamvua,
mjane wa karani wa mizani kwenye korona ya mkonge.
Alikuwa anachambua dagaa.
Mashine ya marehemu ilikuwa juu ya kabati,
kioo kimepasuka, rika moja na yangu.
Fundi akaifungua tumbo.
Tiki. Kijiti kikaruka.
Tiki. Na cha pili.
Nne na nne, pengo mahali pake.
Elfu thelathini vyote.

Bi Mwanamvua alihesabu noti, akazifunga kwenye pindo la kanga,
akauliza, na hakumwuliza fundi, aliniuliza mimi:
"Hizo si ndizo kumbukumbu zake?
Barua zake hamwondoki nazo?"

Fundi akainamia bisibisi.
Nikasema, zinaitwa kumbukumbu, mama,
lakini hazikumbuki kitu.
Hushika neno pale unapoliandika;
umeme ukikatika zimesahau yote, hata jina la mwandishi.
Barua ziko kwenye diski. Hii hapa. Hatuigusi.

Alikaa na jibu hilo,
dagaa mmoja kati ya vidole.
"Basi zilifanana naye," akasema,
"miezi ile ya mwisho."
Akacheka. Nasi tukacheka, tumechelewa kidogo.

Jumanne usiku niliwasha.
Skrini ikahesabu: nane.
Kiduara kikazunguka mara moja kikajiondokea,
na wosia wa kurasa arobaini ukafunguka
kabla sijavuta kiti.

Ijumaa Bi Mwanamvua alikuja
na ile diski ndani ya kitambaa cha kufunikia mkate.
Nimemchapia barua za karani, kurasa sitini na mbili,
sikutaka hela.
Sikuzisoma.
Ya kwanza tu,
na ilikuwa inaulizia bei ya mabati.