Kovu la Mkono wa Kushoto

Kijitabu kiliungua, Nduku ananiambia,
pamoja na godoro, sare za shule, redio ya mumewe.
Moto wa Mukuru haubagui karatasi.
Ameketi kwenye benchi, bado ananuka moshi,
Mumo mapajani anatafuna pindo la leso.

Nakunja mkono wa sweta.
Hapa, chini ya kiwiko, kushoto:
kovu dogo kama punje ya dengu,
la chanjo ya kifua kikuu, ya juma lile alipozaliwa.
Hili moto haukulifikia.

Lakini ile ya surua haiachi alama.
Inaingia, mtoto analia, ngozi inasahau.
"Miezi tisa, ulimleta?"
Anahesabu kwa vidole, si kwa kalenda:
meno mawili ya chini,
mvua ile iliyozoa choo,
wiki mlipogoma, lango likafungwa kwa mnyororo.

Nakumbuka mnyororo.
Nilibeba bango. Mshahara wa miezi mitatu haukuwa umeingia,
na haki ilikuwa yangu.
Mumo alikuwa nje ya lango.

Nafungua kisanduku cha barafu.
"Na kama alishapata?"
Kupata mara mbili hakumdhuru, mama Mumo.
Kukosa, ndiyo.

Kilio chake kinafika hadi kwa muuza makaa.

Naandika kijitabu kipya.
Mstari wa kwanza: kovu lipo.
Wa surua: leo.
Katikati nimeacha nafasi,
na chini jina langu,
kwa herufi za kusomeka.