Deni Ndani ya Kitenzi

Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
Mwalimu Kwamboka anaandika ubaoni: *skal*.
Wauguzi sita tunanakili.
"Leo Wanorwe hulitumia kwa jambo la kesho.
Zamani neno hili lilisema: nadaiwa."

*Kan*, asema, ilikuwa kujua kabla ya kuweza.
*Må* ilikuwa kuweza; siku hizi ni lazima.
Hiyo haikunishangaza.
Wodini, ukionekana unaweza, unabebeshwa.

Simu yatikisika: Gichuhi, kodi ya Machi.
Naandika, "Nitalipa,"
kisha naikodolea ile *-ta-*,
*taka* iliyokatwa mkia.

Kumbe kesho yetu tuliichonga kwenye kutaka,
wao kwenye deni.

Gichuhi angekipenda Kinorwe.