Kunguru wa Shaba

Pakiti moja ni shilingi mia nne na hamsini.
Nikupigie hesabu ninavyoijua mie:
nauli ya Kisauni siku tatu, kwenda na kurudi,
au mbaazi na mahamri ya watu wanne,
au kadi kumi na moja katika karatasi ya kung'aa,
ambazo kumi ninazo tayari.

Nafanya kazi duka la dawa, Makadara.
Nahesabu vidonge kwa kisu cha plastiki, tano tano,
na kopo likiisha naokota kile kijifuko
cha punje za kufyonza unyevu, kilichoandikwa USILE.
Mwenye duka adhani nakitupa.
Nakipeleka nyumbani, kwenye bati la biskuti,
walale nacho majini wangu na mabawabu wangu.
Maana hewa ya Mombasa haina adabu:
huingia kabatini bila hodi,
hulowesha chumvi, hutia pini kutu,
na kadi yenye kung'aa huikunja taratibu
kama ulimi wa mtu anayetaka kusema.

Alhamisi tukifunga napanda ngazi za Mustansir,
juu ya duka lake la madaftari,
chini ya feni inayozunguka kwa kubembelezwa.
Karisa hutoka bandarini na kofia yake ya kazi.
Bi Shufaa hutoka kufunza hesabu, na chupa ya tangawizi.
Swabir ana miaka kumi na mitatu. Hutushinda sote,
kisha hutuomba nauli.

"Namfufua Bawabu," asema Karisa.
"Mfufue," asema Bi Shufaa. "Nitamzika tena."
Twacheka mpaka muuza viazi karai
apaze sauti kutoka chini: kuna nini huko?

Mamangu naye:
"Kadi za harusi nazijua, zina pilau ndani.
Hizi zako zina nini?"

Mwaka juzi, mwezi ambao mshahara ulichelewa,
nilifungua pakiti nimesimama mlangoni
akatoka Kunguru wa Shaba,
mweusi wa kizambarau, ufunguo mdomoni.
Sikupiga kelele. Niliketi kwenye ngazi.
Karisa akavua kofia kama aliyepishana na jeneza.

Habari ikavuka daraja. Akaja bwana wa Nyali,
mikono safi, kipande cha kioo mfukoni,
akataja elfu kumi na nne.
Kodi ya miezi miwili! Nikasema ngoja, itapanda.
Akangoja yeye, nikangoja mie,
hewa haikungoja.

Juzi karudi. Akailaza kadi juu ya kioo,
akainama, akatazama mwanga ukipita chini ya pembe.
"Imeinuka," akasema, kama daktari.
"Elfu tano."

Vile vijifuko vyote.
Miaka miwili sikuicheza hata mara moja:
plastiki ndani ya plastiki ndani ya bati chini ya leso,
na mie nje, naiuguza.

Nikamwambia bwana asante, tangawizi ipo, karibu.
Nikamchomoa kunguru wangu. Alinuka biskuti.
Nikamchanganya na wenziwe
kwa mikono hii yenye unga wa dawa.
Swabir akafumba macho asione.

Hakuja mkononi mpaka mwisho,
nimebakiwa na pumzi mbili.
Nikamweka mezani.
Ile pembe iliyoinuka ikatikisika kwa upepo wa feni.
"Ataruka," Swabir akanong'ona,
hata bwana wa Nyali akavuta kiti.

Bi Shufaa akanywa kwanza. Akafuta mdomo.
Akatoa kadi ya kuzika, ile ya kawaida kabisa,
ya shilingi ishirini, Swabir anazo sita
na moja ameifanya alama ya kitabu.

Nyumbani mama akauliza:
"Yule ndege wako wa pesa, umemuuza?"
"Nimemcheza."
"Akashinda?"
"Akazikwa."

"Innalillahi," akasema,
akanisogezea chai.