Gurudumu la Vituo Mia

Mashine iko chumba cha chini, Langoni,
pale baba alipokuwa akipanga mifuko ya simiti.
Nimeiunda kwa reli za droo,
mota za printa tatu zilizokufa
na ubao wa mninga uliokataa kunyooka.
Kompyuta iko juu ya friji mbovu, pembeni,
kwa kuwa soketi iko hapo tu.
Hatua sita kutoka kwenye mti hadi kwenye kibodi,
sita kurudi,
na jicho halifuatani na mguu:
nimevunja kekee tatu
nikibonyeza huku nimeupa ubao mgongo.

Ndipo nikaagiza gurudumu.
Lilikuja kwa basi hadi Mokowe,
likavuka ndani ya katoni ya nepi.
Dogo, la kujaa kiganja,
lina vituo mia katika mzunguko mmoja,
tik, tik, kama mjusi aliye nyuma ya saa ya ukutani.
Kila tik, mwendo wa unywele.

Nyumba yake ni kopo la samli.
Mkia wake ni waya wa simu ya mezani,
ule uliojisokota,
ambao dada zangu waliuvuta hadi chooni
wasisikike wakicheka na nani.
Ndani mna nyuzi nne.
Nyekundu, volti tano.
Nyeusi, ardhi.
Kijani na nyeupe ni ndugu wawili:
mmoja hutangulia, wa pili humfuata nyuma kidogo,
na kwa kutazama nani yuko mbele
mashine hujua pa kwenda.

Nikalehemu usiku, tochi mdomoni.

Shangazi Mwanashee alikuwa mlangoni na kofia yake ya vito,
sindano haikosi tundu hata anapopiga miayo.
Nilizungusha. Akainua mato.
"Mkono wako wenda Shela,
hicho kidude chenda Matondoni."

Mdogo alikuwa ametangulizwa.
Ningeweza kuidanganya kompyuta kwa neno moja,
iite kulia kushoto, yaishe.
Nikayeyusha risasi upya, nikawabadilisha ndugu mahali.
Moshi ukapanda, ukakutana na udi wa Ijumaa
ukashindwa.

Usiku wa pili mashine ikasogea yenyewe.
Unywele. Unywele mwingine.
Gurudumu liko mezani, hakuna aliyeligusa.
Shangazi akaanza Ayatul Kursi,
mimi nikatafuta mita,
na sote wawili tulikuwa na haki.
Kumbe pampu ya Twalib, jirani,
kila ikijaza tangi hupiga kelele ndani ya nyaya,
na waya wangu, uchi, husikia kila kitu
na kudhani ameitwa.
Nikauvika karatasi ya fedha ya kufungia nyama,
nikaifunga kwenye ardhi upande mmoja.
Mmoja tu.
Ukifunga pande mbili, vazi lenyewe huwa sikio.

Sasa nasimama kwenye mti.
Natelezesha risiti ya tokeni ya stima chini ya kekee,
nashuka tik kwa tik
mpaka karatasi inakamatwa, haichaniki, haitoki.
Hapo ndipo sifuri.
Nilimpa shangazi ajaribu.
Hakutazama skrini hata kidogo,
alihesabu kwa midomo kama anavyohesabu vito
akaipata kabla yangu,
akaudhika kwamba nilimpigia makofi.

"Na hiki chekundu?"
Cha kuzima yote, nikasema. Ukikipiga, kila kitu husimama.
Akakitazama muda.
"Nami nifungie kimoja jikoni."

Swichi ya kuchagua ina nafasi nne.
Ya kwanza, kulia na kushoto. Ya pili, mbele na nyuma.
Ya tatu, juu na chini.
Ya nne sijaifunga waya wowote.
Nikiiweka hapo, gurudumu lazunguka bure,
tik, tik,
na jioni, kazi ikiisha,
ndipo ninapoliacha.