Bei ya Nafasi

Badi wa Langoni anaigeuza laptopu kifudifudi.
"Hii, Bi Rukiya, laki moja na kumi na nane elfu.
Nafasi yake jigi mia mbili hamsini na sita."
Na yenye mara mbili?
"Ongeza ishirini na nane."
Na yenye mara nne?
Anatazama feni. "Ongeza sitini na moja."

Sitini na moja elfu!
Kioo kile kile, vitufe vile vile,
chaja ile ile, fupi kama subira yangu.
Nikazibeba zote mbili hadi duka la pili,
kwenye mizani ya tende.
Hata gramu haikuzidi.

Basi nichukue ndogo, nikamwambia,
nikijaliwa mwakani uniongezee.
Akacheka. "Imechomelewa, Bi.
Zile za zamani ulifungua skurubu nne, ukapachika.
Hii ilivyozaliwa ndivyo itakavyozikwa."

Mimi mtoto wa nyumba ya mawe.
Najua chumba hakipanuki:
upana wake ulikatwa siku ilipokatwa boriti.
Najua hata hewa huuzwa.
Baba aliuza hewa ya juu ya dari yetu
kwa hati, kwa mashahidi wawili,
jirani akajenga humo, binti zake wakaolewa humo.
Lakini hewa ile walipita kunguru.
Uliweza kuinyooshea kidole.

"Si uweke mawinguni?" asema Badi.
"Kila mtu sasa aweka mawinguni."

Mwana wa watu, wajua napiga picha gani?
Usiku wa kupamba.
Mlango ukishafungwa,
simu zote zimekusanywa kwenye beseni,
buibui zimerundikwa kitandani,
ndipo naingia mimi, na kamera, na kiapo.
Mama wa bibi harusi hunibana kifundo cha mkono:
Hizi zisitoke ndani, Rukiya.
Nizipeleke kwenye wingu la nani?
Likanyeshe wapi?

Nimenunua ndogo.

Zamani tulisema, ukipata nafasi, pita,
tukimaanisha saa moja ya alasiri na kikombe cha kahawa.
Tulisema, fulani ana nafasi,
yaani mkono wake haujabanwa.
Leo yote mawili yako kwenye risiti ya Badi,
na jina langu limekosewa herufi.

Usiku. Mashine ya kale inakoroma kama mwenye pumu.
Harusi kumi na nne zimo, zataka kuhama.
Mpya itapokea saba.

Ya Mwanatumu? Ndoa ilivunjika kabla hina haijafifia,
sasa ana mume mwingine Faza, hataki kuiona.
Lakini dakika ya arubaini
bibi yake, Bi Shekue, anavua viatu
anaingia katikati ya vugo,
na hakuna pengine popote duniani
Bi Shekue anapotembea.

Ya Zuhura? Hajamaliza kunilipa.
Deni nalo lina haki ya kulala ndani.

Nafungua yangu.
Miaka kumi na mmoja. Shangazi aliipiga,
nusu yake ni kidole gumba chake.
Nimekaa, nimefumba macho kama desturi,
mama anarekebisha asumini, anarekebisha tena,
asumini haikuwa na kosa lolote.

Jigi thelathini na moja.
Nikapiga hesabu kwa bei ya Badi:
shilingi elfu tatu, mia tatu na tisini.

Kidole ki juu ya kitufe.
Chini, kichochoroni, punda wa mchanga wanapita,
kuna mtu anajenga tena juu ya mtu.
"Simile!" apaza mwenye punda, "simile!"
na kila aliye njiani
anajibana ukutani, anavuta tumbo,
anangoja.