Herufi Tisa

Barua ya Makadara imekunjwa mara nne
ndani ya pochi ya Shangazi Mwanate.
Mimi ndiye msomaji wa ukoo:
bili za stima, kesi ya ploti ya Likoni,
maelezo ya dawa ya mchwa.
Leo ni neno moja tu la Kiingereza,
limepigiwa mstari chini ya presha na sukari.
Herufi tisa. Ra mbili karibu na mlango
zimebanana, zinakwaruzana
kama paka wa Marikiti juu ya utumbo mmoja wa papa.

"Wameniandika nini?"
"Ngoja, Shangazi. Natafuta."

Kamusi yasema: mwepesi wa kukasirika.
Wepesi gani, na huyu
hasira yake hupanda ngazi pole pole tangu alfajiri,
ikihesabu mahamri yaliyoungua?

Mkali? Mkali ni siki, ni jua la Februari,
ni ustadhi wetu wa Kuze, aliyecheka akishatoka madrasa.
Gubu lina kumbukumbu:
humfufua marehemu mume
akaulizwa tena habari ya kitasa.
Kisirani ni cha siku, huja na mguu wa mtu.
Hamaki ni kiberiti: chwaa,
kisha kijiti cheusi.
Nimeyapanga yote ukingoni mwa barua.
Hakuna linalomkaa; yanamning'inia
kama buibui la kuazima.

Na wenyewe Waingereza hawalibagulii mtu:
humpa mtoto anayeota meno,
huupa utumbo uliokataa maharagwe,
huipa ngozi iliyochubuka,
hata shuka ikiipitia, inalia.

Nikamsomea hilo la ngozi.
Akanyamaza.
Feni ikazunguka, ikafa na stima,
jenereta la jirani likaanza kukohoa.

"Tangu Rajabu silali," akasema. "Goti.
Na yule nesi aniita mama, mama, mama,
kama aita mbuzi,
na jina langu li papo hapo kitandani, limeandikwa.
Haya. Na hilo lina neno?"

Nikaandika jina lake kwanza, lote:
Mwanate binti Shekuwe.
Kisha nikakwama, nikaiuma kalamu.

"Na hiyo kalamu waitafunia nini?
Kwani hukula?"